Nilimshukuru Aliyenizomea

Mpendwa Bi Mwanamvita,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili nimelibeba wiki tatu sasa na kila ninayemweleza ananiambia ninyamaze. Naitwa Nesta, nina miaka kumi na tisa, nimezaliwa Hasamba kwa wazazi wakulima wa kahawa, na sasa naishi hapa Tunduma kwa Mwalimu Restuta, ambaye si ndugu yangu hata kidogo, yeye ni Mnamwanga na mimi ni Mnyiha, na hilo nalisema mapema kwa sababu utaona walivyolipindisha.

Mimi nacheza netiboli, nafasi ya senta. Mwaka huu yalifanyika mashindano ya timu nne za hapa mjini, na ili timu zilingane nguvu wachezaji wote tulipangwa mstari uwanjani, mashabiki wakiwa wametuzunguka, makocha wakawa wanachagua kwa zamu, mmoja mmoja. Timu ya Sokoni, ambayo kocha wake alikuwa Mwalimu Restuta, ilipata kura ya kuchagua kwanza, na mashabiki wake walikuja tayari wanaimba jina la Ketrina, msichana mrefu anayejulikana mpaka Vwawa. Mwalimu akasema, "Nesta, wa Hasamba." Uwanja mzima ukaanza kuzomea, na mwenyekiti wa mashabiki, Bwana Zebedayo, yule mwenye malori, akachukua kipaza sauti akauliza, "Mwalimu, tumekuja kuchagua senta au mbeba ndoo?" Watu walicheka mpaka mama yangu, ambaye alikuwa amepanda gari tangu alfajiri aje kuniona, akainamisha kichwa. Mwalimu hakubishana na mtu. Aliniambia tu, "Njoo usimame huku kwangu."

Mechi ya kwanza tulifungwa kwa tofauti ya magoli mawili, na kesho yake tu kamati ya Bwana Zebedayo ikamwondoa Mwalimu, wakasema amenichagua kwa undugu. Nilifunga mzigo wangu nirudi nyumbani, akanikuta mlangoni akasema, "Wamenifukuza mimi, wewe hujafukuzwa. Kesho una mazoezi." Basi kila asubuhi kabla hajaenda kufundisha alinipeleka nyuma ya shule, ananirushia mpira na kunirekebisha mikono, wakati kocha mpya, Justine, ameagizwa aniweke benchi na kweli ananiweka. Mechi ya tatu senta waliyemweka badala yangu akateguka kifundo cha mguu, tukiwa nyuma kwa magoli tisa na robo mbili zimekwisha, nikaingizwa kwa kukosa mtu mwingine, na tukashinda kwa goli moja. Tangu hapo sikutoka tena. Bi Mwanamvita, hata wale wachache walionitetea siku ya kuchaguliwa walidhani nikijitahidi sana nitakuwa wa akiba, lakini tulichukua kombe, tukavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kucheza na mabingwa wa kule, tukawafunga kwao, nikapewa mchezaji bora, na Wazambia wenyewe, wale wabadilisha fedha wa mpakani, walinifuata mpaka kwenye basi wakinipongeza kwa lugha yao, "Mwabombeni, mwabombeni," yaani hongera kwa kazi.

Sasa ndipo nilipokosea. Siku moja kabla ya sherehe ya kombe Bwana Zebedayo aliniita ofisini kwake akanipa karatasi iliyoandikwa tayari, eti namshukuru yeye mwenyekiti kwa kuona kipaji changu mapema na kunisimamia. Nikamwambia, "Shikamoo baba, lakini aliyenichagua ni Mwalimu." Akacheka, akasema, "Barua ya kwenda majaribio Dar es Salaam iko mikononi mwangu. Soma kilichoandikwa. Ukisoma kingine, mimi sijui barua itafika au haitafika."

Nilisoma. Nilisoma yote, mbele ya mgeni rasmi, na Mwalimu Restuta alikuwa amekaa mstari wa tatu, amevaa vitenge alivyoshona kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, na nilipomaliza akapiga makofi pamoja na wengine. Niliporudi nyumbani nilikuta ameniwekea chakula kama kawaida. Akaniambia, "Umesoma vizuri," akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo tunaongea habari za maji na mkaa tu. Mama yangu anasema, "Nafasi haiji mara mbili, mwanangu, nenda kwanza, Mwalimu ni mtu mzima ataelewa." Majaribio ni mwezi ujao na barua sijapewa. Je, niende nifanikiwe kwanza halafu nije kumshukuru Mwalimu kwa heshima inayomstahili, au niseme sasa nipoteze kila kitu?

Nesta, Tunduma

*

Nesta,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilinibidi niweke miwani chini kwanza.

Huyo mwenyekiti nimwambie hapa hapa, maana gazeti analisoma. Bwana, wewe ulimcheka mtoto wa watu kwenye kipaza sauti huku mama yake anasikia. Ukamfukuza mwalimu kwa kosa la kuona usichokiona wewe. Leo unasema wewe ndiye uliyeona? Siku ya fainali hata wauza karanga walimwona Nesta. Kumwona wakati huo si kipaji, ni kuwa na macho. Na kumtisha binti wa miaka kumi na tisa akiwa peke yake ofisini kwako ni aibu ambayo malori yako yote hayawezi kuibeba.

Sasa wewe, Nesta. Wewe bado mdogo, uliogopa, na ulitishwa na mtu mzima. Hilo nalielewa na sitakupiga kwalo. Lakini usijifiche nyuma yake. Wiki tatu unakula chakula cha mwanamke uliyemkana hadharani, na bado hujafungua mdomo, halafu unaniuliza kama umshukuru baada ya kufanikiwa. Kwani sasa hujafanikiwa? Unasubiri nini? Mwalimu hakusubiri ufanikiwe ndipo akuchague. Alikuchagua watu wakizomea, na ilimgharimu timu yake.

Mama yako simlaumu. Alisikia uwanja mzima ukimcheka mwanawe, anaogopa kuusikia tena. Ila kwa hili amekosea, na utamwambia hivyo kwa adabu.

Na hiyo barua inayokutia hofu, nimemuuliza mama mmoja aliyewahi kuwa katibu wa chama cha netiboli. Alisikitika. Akasema mwenyekiti wa mashabiki hana mamlaka ya kumpeleka wala kumzuia mchezaji. Barua ya utambulisho huandikwa na chama cha wilaya, tena mwalimu aliyemfundisha mchezaji ndiye huiomba. Yaani mwenye haki ya kukuombea ni yule uliyemnyima jina lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda kwa Mwalimu popote alipo, iwe jikoni, iwe shambani, usitafute saa nzuri. Sema: "Mwalimu, nilikukana, nisamehe." Usimweleze habari za barua kabla hajakujibu, asije akadhani unamrudia kwa shida zako. Akinyamaza, vumilia. Akikasirika, sikiliza mpaka mwisho, ana haki. Mengine yatafuata akitaka yeye.

Halafu mechi yoyote ya kwanza itakayochezwa uwanja ule ule, nenda kwa mtangazaji uombe dakika moja, useme nani alikuchagua na nani alikufundisha kila asubuhi. Usimtukane mwenyekiti. Taja jina la Mwalimu Restuta vizuri, kwa sauti, mpaka wa nyuma kabisa wasikie, kisha ushuke.

Majaribio nenda, kwa barua ya wilaya. Wakikunyima, nenda bila barua, simama pembeni ya uwanja wao na raba zako, uombe kucheza. Umeshachaguliwa huku watu wanakuzomea na hukufa. Wakikuuliza kule Dar es Salaam nani kakufundisha, safari hii usisome karatasi ya mtu.