Mtoto Asiyetetemeka

Bijombo, asubuhi ya ukungu

Mama yangu mpenzi,

Miguu yako bado inavimba? Na huko Uvira risasi zimenyamaza? Sisi tu hai, na una mjukuu wa kike. Nilijifungua njiani tukikimbilia huku milimani, mvua ikitunyeshea. Jina lake Zawadi.

Mama, baridi ya huku si mchezo. Mume wangu alitetemeka mpaka meno yakagongana, yeye anayejisifu kuoga ziwani alfajiri! Zawadi alitulia tuli. Nikafurahi, nikasema huyu hasikii baridi. Nikamwosha vizuri kama ulivyonifundisha, nikakamua yale maziwa ya kwanza ya manjano nikayamwaga kwa kuwa ni machafu, nikampa maji ya sukari.

Siku ya pili akaacha kulia. Miguu yake ilikuwa baridi kama samaki. Nikakimbia kwa muuguzi mmoja, naye ni mkimbizi kutoka Lemera. Alimvua nguo, akamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika blanketi. Ndipo akanigeukia:

“Weye mama, mutoto mudogo hatetemekake! Iko na mafuta ya kahawia hapa mu mabega na mu shingo. Ile mafuta inaungua mu mwili, inamupatia joto. Unamulowanisha, inaungua mbio. Maziwa nayo unamwanga! Sasa itaungua na nini?”

Mama, nilishtuka. Mgongo ule mdogo ulikuwa na moto, na mimi mzazi ndiye niliyekuwa nauzima! Nikamnyonyesha palepale, tone kwa tone. Jioni akafungua macho, akalia kwa hasira. Sijawahi kusikia kelele tamu hivyo. Leo ana wiki mbili na ananyonya bila haya.

Nisalimie baba, na shangazi muuza samaki wa ndagala. Mdogo wangu, ambaye siku zake zimekaribia, mwambie asimwage hata tone.

Salamu ya mwisho inaniuma kuiandika. Mtoto wangu wa kwanza naye tulimwosha, tukamwaga maziwa, akapoa bila kutetemeka, akafa. Tukasema amerogwa na jirani aliyekuja kumpakata, tukamfukuza mtaani. Mama, mtafute huyo mama popote alipo. Mpigie magoti kwa niaba yangu, umwambie hakumfanya mtoto lolote. Ni sisi.

Mwanao,
Mama Zawadi