Nilimngoja Kila Kona, Bado Kaninunia

Bibi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana mke wangu hajawahi kuninunia hivi tangu tuoane, na mimi kosa langu silioni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mke wangu anashona mapazia, na kwa muda mrefu tulikuwa tunalifufua gari kuukuu la mizigo, mimi nikaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, yeye akashona magodoro na mapazia ya madirishani, mpaka likawa nyumba inayotembea, tukafunga kazi tukaingia barabarani, tunalala tunapochokea, na kusema kweli tulikuwa tunacheka kama watoto mpaka siku tulipofika kwenye mlima ambao yeye mwenyewe alikuwa akiuota, picha yake kaibandika ukutani juu ya cherehani.

Asubuhi tukaanza kupanda. Mimi miguu yangu ni myepesi, Bibi, nikitembea polepole magoti yananiuma, kwa hiyo nikawa natangulia halafu namngoja kila penye kona, nakaa juu ya jiwe, nakunywa maji, naangalia mawingu, akitokea namwambia, "Haya, umefika, twende!" na kunyanyuka, na sikumkaripia hata mara moja, hata mkoba wake nilitaka kuubeba akakataa, sasa tulipofika pale miti inapoisha yakabaki mawe matupu akaketi chini akasema, "Wewe nenda," nami nikasema basi turudi wote, tukateremka. Kule chini tulikoegesha kulikuwa na mzee mmoja mwenye gari kama letu, akaniuliza kama tumefika kileleni, nikamjibu kwa utani, "Mimi ningefika, ila navuta trela." Kumbe dirisha letu lilikuwa wazi.

Tangu hapo ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Tumeshasonga mbele, lakini wiki ijayo tutapita pale pale tukirudi nyumbani, na ameapa ataupanda mlima ule mpaka juu, peke yake, mimi nibaki nalinda gari. Nikamwambia ni hatari. Akasema, "Hatari nimeshaizoea." Nimzuieje, Bibi?

Mwenye Miguu Myepesi


Mwenye Miguu Myepesi, marahaba. Mimi sikusomeshwa. Barua yako nimesomewa na mjukuu wangu, nikamwambia arudie, nikidhani kuna mahali kakosea. Hakukosea. Umekosea wewe.

Hebu tuupande mlima huo upya, taratibu. Umekaa juu ya jiwe lako, maji umekunywa, pumzi imerudi, hata mawingu umeyatazama. Mwenzio anatokea anahema, jasho linamwingia machoni. Wewe unanyanyuka: "Twende!" Sasa niambie, baba, yeye alipumzika saa ngapi? Kila kona ulikula mapumziko yako, na yake ukayala pia. Halafu unaniandikia kwamba ulimngoja! Hukumngoja, ulimvizia.

Sisi tulipokuwa tukipanda kutafuta kuni, mwenye mimba au mwenye goti bovu ndiye aliyewekwa mbele, na wote tukafuata mwendo wake. Ulitaka kukimbia? Kimbia kesho, peke yako.

Na hilo la trela! Najua ulitaka kuchekesha watu. Mlima ni wa kwake, kila kitambaa unacholalia kakishona yeye, wewe unamgeuza mzigo mbele ya mtu ambaye hata jina lake hulijui. Mimi ningekunyima chai mpaka mwisho wa safari. Yeye bado anakujibu "ndiyo" na "hapana". Mshukuru, ana adabu kunishinda.

Lakini sikuchukii, mwanangu. Pale kwenye mawe ungeweza kwenda zako kileleni, lakini ukageuka naye. Hapo ulifanya la maana, na ndiyo sababu najisumbua na wewe.

Kumzuia, sahau. Mwanamke aliyeamua bila kupiga kelele hazuiliki. Ila peke yake kwenye mawe yale, hapana, hilo hata mimi nalikataa. Mguu ukiteguka nani atamwitia watu? Kwa hiyo mwombe radhi leo, radhi isiyo na "lakini" ndani yake, na neno trela ulitaje kama ulivyolisema, usilizunguke. Kisha umwombe akuruhusu umfuate. Umwombe, nimesema, si umwambie. Yeye mbele, wewe nyuma, maji na chakula mgongoni mwako. Magoti yakiuma, yaume, hutakufa. Akikaa, kaa. Akitaka kugeuka kabla ya kilele, geuka naye na mdomo ufunge. Na akikukataa kabisa, kubali, mtafute pamoja mtu anayeijua njia apande naye, wewe ubaki upike, na akirudi akute chakula cha moto na mume asiyeuliza-uliza.

Haya, acha kusoma, nenda. Kaa chini mbele yake, sema ulichonacho, kisha nyamaza. Atachukua muda kukujibu, na ana haki. Usimhimize, usitazame saa, na hiyo miguu yako myepesi isinyanyuke mpaka anyanyuke yeye.