Nusu ya Helmeti ya Komeo

Karakana ya Makochi,
Mtaa wa Mafundi, mlango wa tatu.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana, na kabla hujauliza: mwanao mzima. Anakula, anacheka, na asubuhi hii amenisema kwa kusahau chumvi kwenye mayai. Nanyi huko hamjambo? Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anagombana na baridi ya huko? Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Miaka kumi na tisa ya kuinamia makochi, nao sasa unadai haki yake.

Ujumbe wako niliupata: "Mtoto aache mchezo huo leo hii." Sikukupigia kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningelia, na jambo ninalopaswa kukwambia nisingelimaliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ile picha uliyotumiwa ni ya kweli. Aliyelala mbele ya lango ni binti yako. Ila picha haikukuonyesha yaliyotangulia, na yaliyotangulia ni aibu yangu mimi.

Unaikumbuka helmeti uliyomtumia alipochaguliwa kuwa kipa wa timu ya mpira wa magongo? Ilikuwa nzuri, lakini kila akitoka mazoezini alirudi na mistari kwenye paji la uso, analalamika masikio. Nikapapasa ndani nikakuta sponji gumu, halibonyei. Nikajisemea, hawa walioitengeneza hawajui kazi! Basi nikalibandua lote, nikakwangua gundi, nikaweka sponji la kochi, lile laini kabisa, nikalivika mahameli ya zambarau iliyobaki kwenye kazi ya mteja. Dada, ilipendeza! Mwanao akaivaa akasema, "Mama mdogo, kama nimelalia mto." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa, klabu yao ina mtunza vifaa, mzee mkavu asiyecheka ovyo. Wanamwita Msumeno. Helmeti ikishapigwa kwa nguvu, hata kama kwa nje haionyeshi kitu, yeye huikata vipande viwili, asije mtu akaiokota na kuivaa tena. Wachezaji wananung'unika weee, yeye hana habari nao. Na kabla ya kila mechi husimama mlangoni mwa stoo, huingiza dole gumba ndani ya kila helmeti, kisha humvalisha mwenyewe na kumtikisa kichwa kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

Siku ya mechi ile ya pichani, nami nimemsindikiza mwanao, dole gumba lake lilizama kwenye mahameli yangu mpaka likagusa ganda gumu la nje.

"Nani kafanya hivi?"

Mimi huyo, nikanyoosha mkono kwa maringo, nikidhani nasifiwa.

"Wewe kazi yako nini, mama?"

"Fundi wa makochi."

"Mtu akirukia kochi lenye sponji hili, anagonga nini?"

Nikajibu bila kufikiri, "Anagonga mbao, mzee."

Akabonyeza tena dole gumba mpaka kwenye ganda, ndipo nikaelewa. Baadaye ndipo aliponieleza: ganda la nje hutawanya pigo lisikae mahali pamoja, na lile sponji gumu hubonyea taratibu, kidogo kidogo, likilimeza. Ule ugumu nilioudharau ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Akaiweka pembeni ile yangu, akampa mwanao moja ya stoo, ya kijivu, imechubukachubuka, ovyo kabisa. Mtoto alinuna. Na mimi nilinuna, nisikufiche.

Kipindi cha pili mshambuliaji alipiga akiwa hatua kama kumi tu. Ule mpira, dada, ni mgumu kama kokwa. Ulimpata juu kidogo ya sikio la kushoto, na mlio wake niliusikia nikiwa jukwaani. Komeo akaanguka. Ndivyo wanavyomwita mwanao, kwa jinsi anavyolifunga lango. Hapo ndipo ile picha ilipopigwa. Sijui nilishukaje zile ngazi. Kiatu kimoja nilikikuta baadaye.

Akakaa, akasimama, watu wakashangilia. Timu zilikuwa sare, zimebaki dakika tano, na kocha akamuuliza kama ataendelea. Uwanja mzima ulitaka aendelee. Akavua helmeti mwenyewe akasema, "Kocha, naona mipira miwili, sijui nidake upi." Akatoka kwa miguu yake. Walifungwa, naye hakujuta hata kidogo. Msichana wa miaka kumi na saba! Dada, umezaa.

Tulikwenda hospitali moja kwa moja. Wakampiga picha ya kichwa: fuvu halina ufa, hakuna damu iliyovujia ndani. Ila ubongo ulitikisika, na hilo daktari hakulificha. Alisema helmeti hulinda fuvu vizuri mno, lakini hakuna iliyotengenezwa bado inayoweza kuushika ubongo usitikisike humo ndani. Kwa hiyo helmeti ilifanya yake, na yaliyobaki aliyafanya mwanao kwa kusema ukweli na kutoka uwanjani. Nikamsimulia daktari habari ya mahameli yangu, nikamuuliza ingekuwaje. Aliweka kalamu chini, akaniambia nikamshukuru aliyeiweka pembeni.

Kichwa kiliacha kumuuma Jumanne. Bado anapumzika, na hagusi mchezo mpaka daktari aandike. Akiruhusiwa ataanza na kutembea, halafu kukimbia, mipira itakuja mwisho kabisa.

Jumatano nilikwenda kumshukuru Msumeno. Ile ya kijivu alikuwa ameshaikata. Akanikabidhi msumeno na ile ya mahameli, akaniambia, "Hii ni yako." Nikaikata kwa mkono wangu huku machozi yananitoka, zawadi yako, dada, ukiwa mbali huko ukiamini mwanao yuko salama. Nilipomaliza akasema, "Makochi yako nimeyasikia sifa zake. Baki huko huko." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Mzee yule ningeweza kumbusu mikono.

Basi nimekiri. Nisamehe. Ukitaka kunigombeza nigombeze mpaka uchoke, ninastahili. Lakini kwa mtoto, naomba usiamue kwa ile picha. Maoni yangu, akipona arudi, mradi apite kwenye lile dole gumba kila mara. Gongo lake nimelificha nyuma ya kochi ambalo sijalimaliza. Anajua lipo hapo, na hajaligusa, anakungoja wewe. Amesema tu nikuandikie kwamba akirudi uwanjani, mama mdogo asionekane karibu na helmeti akiwa na mkasi.

Nisalimie sana shemeji, shangazi na wale mapacha wake watundu, na mwambie mjomba kiti chake cha kuegemea kimekaribia kwisha, asinisengenye. Mungu awafunike wote, na wewe akupe usingizi, maana najua tangu ile picha hujaupata.

Kwenye kifurushi hiki utakuta nusu ya ile helmeti ya kijivu, nimeiomba kwa Msumeno. Tafuta ufa, uko upande wa sikio, urefu wake ni wa kidole changu cha shahada. Upapase kwa nje kwanza. Halafu ingiza mkono ndani, mahali kilipokuwa kichwa cha mwanao, upapase tena. Ufa haukupita hadi ndani. Ushike vizuri, dada, kisha ndipo uniandikie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu tukigombania shuka moja,

Fundi wa makochi