Kibao Mbele ya Rejeta

Jumatatu, 3 Februari
Kliniki tena. Mama kashuka garini kalowa jasho, mtandio umemganda shingoni. Kiyoyozi kinapuliza kwa nguvu, lakini upepo wenyewe ni pumzi ya ng'ombe. Wiki ya pili sasa. Ana miaka themanini na presha yake haitaki joto. Nimesoma mtandaoni hadi macho yakauma. Nina yakini: gesi imepungua.

Jumanne, 4 Februari
Kwa Fundi Makame, gereji yake ya Amani. Mtumbatu, mpole, nusu ya madereva wa teksi mjini wanampelekea viyoyozi. Kapima gesi. Imetimia. Nikamwambia apime tena. Kapima. Kisha akaenda mbele ya gari akakitazama kibao changu, kile cha plastiki nilichokifunga kwa waya mwezi uliopita: MJI SI HOTELI.
"Kitoe hichi, Ustadh. Gari haipumui."
Damu ikanichemka. Nyumba za Mji Mkongwe zinageuzwa vyumba vya wageni moja baada ya moja, na fundi naye ananifunza kunyamaza! Nikamuuliza nani kamtuma.
"Kanituma joto," akasema, akacheka.
Nikaondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Februari
Nimeandika kwa chaki kwenye ubao wa baraza yetu: Makame wa Amani anauza upepo wa moto, na siasa juu yake. Watu wamecheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja kaupiga picha. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 8 Februari
Picha imefika Kendwa, kwa madereva wanaopeleka wageni. Wawili wamemhama Makame. Nimeambiwa barazani, tena kwa sifa: "Umemmaliza, Ustadh!" Sikukaa sana.

Jumapili, 9 Februari
Kidichi, kumchukulia Mama mdalasini. Shimo, kishindo, waya zimekatika, kibao chini. Nikakitia kwenye buti nikaendelea. Baada ya dakika chache vidole vyangu kwenye usukani vikawa baridi.
Nikasimama. Nikakifunga tena kwa kamba, nikaendesha. Joto. Nikakitoa. Baridi. Mara tatu, kando ya barabara, mtu wa miaka hamsini na mbili. Nyuma ya kibao ipo rejeta ndogo ya kiyoyozi. Nimeizibia upepo mwenyewe, haipoi. Makame aliniambia kwa neno moja. Mimi nikasikia siasa.

Jumatatu, 10 Februari
Nimeandika barua ya kumtaka radhi. Kurasa tatu. Katika ukurasa wa pili nimeanza kumlaumu yeye kwa kutofafanua. Nimeichana. Ubao wa baraza ulishapanguswa. Picha haipanguswi. Barazani sikwenda. Mwoga.

Jumatano, 12 Februari
Makame kaja nyumbani. Kanzu, kofia. Ijumaa anasafiri kwenda umra, na kama ada anapita kwa kila mtu.
"Ustadh, kama nilikukosea kwa neno au kwa kazi, nnakutaka radhi."
Yeye! Kwangu! Nilikuwa na neno hapa kooni. Likatoka jingine: "Nimekusamehe."
Nimemsamehe. Mimi.
Nikamtazama dirishani akipita mbele ya gari. Akasimama. Kibao hakipo, vipande vya waya vinaning'inia. Akatazama muda. Akavikunja kimoja kimoja, visiikwaruze rejeta, akaenda zake.
Mama alikuwa kwenye kiti chake. "Ulimi umeuacha wapi leo? Na kila siku unao!"
Naona haya hata kuandika hapa.

Ijumaa, 14 Februari
Asubuhi, barazani, kwa chaki: Fundi Makame alisema kweli. Kosa ni la kibao changu. Nimemsingizia. Nikatia jina langu. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga picha. Nikapiga mwenyewe, nikaituma kila ninakokujua ilikofika ile ya kwanza.
Kisha nyumbani kwake. Uani watu tele, dua imekwisha, mabegi yameshatiwa garini. Nikamwambia mbele yao wote. Sauti ikatoka nyembamba, sikuijua.
Akanishika mkono. "Nshakusamehe juzi, pale kwenye gari yako. Lakini wale madereva, Ustadh, waambie wewe. Mimi nikisema, nnajitetea."

Jumatatu, 17 Februari
Kliniki. Madereva wote wawili nimewapigia simu. Mmoja atarudi kwake, Makame akija kutoka umra. Wa pili kasema keshazoea kwa fundi mwingine, hana haja. Nikamsihi. Akasema, "Lakini uliandika wewe." Kweli.
Kibao nimekifunga nyuma, juu ya buti. Mji bado si hoteli.
Kabla ya kufika, Mama kajifunika mtandio. "Punguza, mwanangu. Naona baridi."
Nimepunguza.