Kisiwa cha Upande wa Ndani

Chumba cha cherehani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili mchana, mvua ikinyesha taratibu.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Mkate,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima pamoja na mwenzio na watoto. Vipi ule mgongo? Umepoa, au bado unabeba magunia ya unga kama kijana asiye na mke wa kumkanda? Sisi huku hatujambo. Mimi macho yananiwasha kidogo kwa sababu ya kushona nguo nyeusi wiki nzima, lakini hayo ni ya kawaida kwa fundi. Bibi anakula vizuri na analala sana. Mvua imeanza tangu alfajiri, na chumba kimeingia ule utulivu unaoujua, maji yakigonga bati na pasi ikinukia moto. Nikasema leo nikuandikie barua hasa, maana kwenye simu wewe siku hizi unajibu kwa kutuma kidole gumba tu.

Uliniomba niwarekodi wazee kabla hawajasahau kisiwa chao. Nilijaribu, usidhani nilikaa tu. Nikaiweka simu mezani, nikawaambia waanze. Bibi akasema jina lake na umri wake kama aliyekwenda kutibiwa, kisha akanyamaza akingoja sindano. Babu Saa naye aliiangalia simu kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kitu cha bei hiyo kimekosaje mishale.

Babu Saa unamkumbuka, ndugu yake Bibi, aliyetengeneza saa za watu maisha yake yote. Ndio hao wawili waliobaki kati ya waliokulia kule. Kisiwa chenyewe hakina mtu tangu kisima kilipogeuka chumvi, wakahama nyumba moja baada ya nyingine, wa mwisho akiwa mama yao. Mimi na wewe hatujawahi kukanyaga pale. Sisi kwetu ni jina la mahali ambalo wakubwa wakilitaja, sauti zao hushuka.

Basi simu nikaifungia kwenye droo. Nikachukua shuka pana jeupe, nikalitandaza kwenye meza ya kukatia, nikampa Babu chaki. Nikamwambia, chora kwenu.

Mdogo wangu, sijui nikuelezeje siku zile. Bibi macho yake yamekwisha kabisa sasa, huwa anageuzia uso dirishani kama anayeota joto. Yeye anasema, Babu anachora. Mara Bibi yuko penye mawe yaliyounguza nyayo wakawa wanayavuka kwa kurukaruka. Mara yuko nyuma ya nyumba ya mkunga, ambapo mbuzi mmoja alikuwa amezoea kulala juu ya paa na hakuna aliyejua alipandaje. Alisema kule mtu ulimtambua kwa kikohozi chake kabla hujamwona. Alisema mvua ikinyesha watu walitoa nje kila chombo, sufuria, beseni, bakuli, hata vikombe, na kisiwa kizima kikalia kwa sauti ndogondogo mpaka watoto wakapitiwa na usingizi. Mimi mkasi mkononi, nguo za watu zinanisubiri, na sikumbuki nilikata nini. Kuna wakati niliinua kichwa nikashangaa kuona barabara nje na watu wanapita.

Walibishana pia, usifikiri ni malaika. Babu ni mtu wa vipimo, hataki mnazi usogee hata inchi moja.

Lakini kuna jambo moja lilikuwa linamtesa Bibi. Mama yao hakuruhusu mtoto aingie ndani bila kupiga hodi, hata kama ni kwao. Bibi ndiye aliyetumwa kisimani, na alikuwa mtembezi wa taratibu kupita kiasi, wakampa jina la Jongoo. Kila akirudi na ndoo kichwani akapiga hodi, mama yake alimjibu maneno yaleyale, ya kumtania, naye alicheka mpaka maji yakamwagika kizingitini. Maneno hayo yamempotea. Alimuuliza Babu, Babu akatikisa kichwa, naye kasahau. Siku hizi Bibi ananiita kwa jina la marehemu mama yetu, chai anaomba mara mbili, na hayo hayamsumbui. Jibu la mama yake ndilo linalomliza. Aliniambia sura imeshafutika na amekubali, ila sauti asingependa iondoke kabla yake. Mimi nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Walipomaliza kuchora nikashona. Njia nikazipitisha uzi mnene, kila nyumba nikaibandikia kipande cha kitambaa, bahari nikaizungusha kwa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sare za shule. Nikapiga pasi, nikalitundika ukutani, nikajisifu moyoni. Babu Saa akaja, akasimama mbele yake kofia mkononi. Akavaa kofia akaondoka.

Hakurudi. Nikituma mtu, jibu ni goti linamuuma. Nilikasirika, sikufichi, maana ile kazi niliifanya badala ya kazi za watu wanaonilipa. Nikamfuata kwake kumpa maneno yangu. Nikamkuta amekaa kitandani, saa zake zote za ukutani zimesimama, hajazitia ufunguo. Kumbe alikuwa anaogopa. Akaniambia, "Nimechora kwa mkono wangu mwenyewe, mjukuu wangu, na kisima nimekipeleka upande wa pili. Kila kitu nimekipeleka upande wa pili. Nimeanza kama dada." Nilimchemshia maji ya kuoga nikarudi.

Nilimweleza Bibi taratibu. Akasema nimletee hilo shuka. Nikalitandaza mezani, akaweka viganja vyake viwili juu, akapapasa, akasita. Halafu akaanza kucheka kile kicheko chake cha tumboni.

"Chaki mlipiga upande gani?"

"Upande wa ndani, Bibi. Kama ulivyonifundisha."

"Basi umemgeuzia mzee wa watu kisiwa kizima."

Nilihisi uso unawaka. Miaka yote hii napiga chaki upande wa ndani wa kitambaa, kila fundi ndivyo afanyavyo, kisha nageuza. Nguo ukiigeuza inabaki nguo. Mimi nisiyewahi kufika kule ningejuaje kwamba kisima kimehama? Kwangu ilikuwa picha nzuri tu. Nikaligeuza shuka, mafundo na ncha za nyuzi zikawa juu, na nikatoka na mwavuli kumfuata Babu. Goti lilipona hapohapo, alinitangulia.

Alipoliona alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akavuta kiti upande wa pili wa meza, akakaa. Bibi alikuwa ameshafika ufukweni kwa kidole chake. Akapita penye mawe, na pale alikiinua kidole kidogo, nadhani bado yanaunguza. Akazunguka nyumba ya mkunga. Akashuka kisimani, akakaa hapo muda, kidole kimelala kwenye fundo la uzi. Halafu akapanda ile njia ya nyumbani, polepole, polepole, kwa kweli hawakumwonea walipomwita Jongoo. Mvua ilikuwa inanyesha kama leo. Akafika mlangoni. Akagonga meza kwa kidole.

"Hodi," akasema, kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Na Babu Saa, akiwa ameinamisha kichwa, hata sidhani kama alijua anasema, akajibu, "Karibu Jongoo. Hayo maji umekuja nayo, au umeyaacha njiani yapumzike?"

Bibi akacheka, akacheka mpaka machozi yakadondokea shuka, na Babu akaweka mkono wake juu ya mkono wa dada yake, pale pale kizingitini. Nililia bila aibu, mdogo wangu, na sikuona sababu ya kwenda kuanua nguo.

Sasa utaniuliza rekodi iko wapi. Haipo. Simu ilikuwa kwenye droo, chini ya vifungo. Ndiyo maana nimekuandikia maneno ya mama yake Bibi kama yalivyotoka, nawe yatunze, wasomee watoto, wayazoee midomoni. Bibi kishayasahau tena mara mbili tangu siku ile. Akiyasahau anapiga hodi, Babu anajibu, na anacheka upya kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia.

Shuka nimelitundika tena, ndani nje. Wateja wanadhani sijamaliza, na mafundo siyakati ng'o.

Nisalimie mwenzio sana, na wanao wote, hasa yule mwenye meno mawili, mwambie shangazi yake anamshonea kofia. Bibi anakusalimu, na anasema ukate nywele, sijui amezionaje. Babu Saa anauliza kama huko kuna saa za kutia ufunguo. Mungu awalinde mtokapo na muingiapo, mkate wenu usiungue, na mgongo wako ukuhurumie.

Na siku utakapokuja, usiingie kimyakimya. Shuka liko mkono wa kulia, mlango uko juu ya njia ya kisimani. Piga hodi hapo kwanza. Kama Babu hayupo, nitakuitikia mimi.

Dada yako akupendaye hata usipojibu,
Dada Uzi