Mkuu wa Benchi la Waume

4 Machi

Kwa dada yangu,

Pokea salamu kwa mikono miwili, mmoja hautazibeba. Hujambo? Tumbo linakuaje? Shemeji je? Mimi mzima, nanenepa, na nimepanda cheo.

Usicheke. Mdogo wako aliyefukuzwa shule kwa sababu ya mdomo sasa anafanya kazi ya mdomo. Hapa zahanati ninaposafisha kuna utaratibu mpya: kila mjamzito anaingia kwa nesi peke yake, na kila mmoja anaulizwa, "Nyumbani uko salama? Kuna anayekupiga au kukutisha?" Wote, hata mke wa daktari. Sasa kuna waume wanaoganda mlangoni kama kupe. Nesi mkuu akatutazama wafanyakazi, akasema, "Wewe mwenye maneno, kaa nao nje."

Basi mimi ndiye mkuu wa benchi la waume! Nina ubao wa drafti na vizibo vya soda. Mtu akisema lazima aingie na mkewe, namuuliza, "Mzee, unaniogopa?" Anakaa mwenyewe.

Mdogo wako mwenye cheo

19 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo, mtoto anarusha mateke kama wewe utotoni. Hongera, kumbe ule mdomo una soko! Mwandiko ukiyumba usinicheke, niliteleza bafuni tena, mkono umevimba.

Nina swali. Mwanamke akisema hayuko salama, nesi anamwambia mumewe? Nauliza kwa ajili ya jirani.

Dada yako

26 Machi

Dada,

Hujambo na huo mkono? Bafu lenu mnalipaka mafuta? Mimi nadeki vigae kila siku, tena nikicheza, na sijaanguka hata mara moja.

Jirani mwambie hivi: nesi hamwambii mume neno. Anamuuliza mama mwenyewe anataka nini, basi.

Sasa nakuuliza wewe, bila mzaha. Nyumbani uko salama?

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Niko salama kabisa. Shemeji yako ameisoma barua yako, anasema uache kuuliza wake za watu maswali. Usiniandikie tena mambo hayo.

Dada

22 Aprili

Kwa shemeji yangu mpendwa, pamoja na dada,

Shikamoo shemeji! Nisamehe, mdomo wangu hauna breki. Leo nakuandikia wewe, maana dada hajui drafti. Mtaa huu hakuna wa kunifunga. Watu wakasema, "Labda shemeji yako." Nikawaambia zamani sawa, siku hizi amezeeka. Zahanati yetu ina mashine ya kupiga picha mtoto tumboni. Mlete dada mjue kama ni dume, kisha uje benchini nikuaibishe mbele ya watu.

Shemeji yako, bingwa

10 Mei

Dada,

Hujambo huko kwa mama mdogo? Yeye je, mgongo umepoa? Sasa naandika kwa raha, hakuna wa kuchungulia.

Ujue nesi mkuu alinichana! Nilipomweleza nilivyokuuliza, alishika kichwa. "Swali lile halitumwi kwa barua! Huwezi kumuuliza mtu mahali ambapo anayempiga anaweza kusoma!" Dada, nilitamani kuikimbiza ile barua kwa miguu. Ndipo nikabuni uongo wa drafti. Nesi aliponiuliza kama shemeji atakuja kweli, nikamwambia, "Huyo? Kwa sifa atakuja hata kwa magoti."

Na kweli akakuleta. Lakini shemeji mchezo hajui! Kona ya kushoto anaiacha wazi kama choo cha stendi. Ningemfunga huku nasinzia. Lakini akifungwa angesusa, akishinda upesi angeondoka. Ikabidi nimpe, nimnyang'anye, nimpe tena. Mara akasimama: "Mbona wanachelewa humo?" Nikapaza sauti benchi zima lisikie, "Jamani, shemeji anamkimbia msafisha vyoo!" Akakaa. Nimefungwa nne bila, mbele ya waume wangu wote. Heshima yangu imezikwa.

Niambie basi, ndani ilikuwaje? Nesi hafungui mdomo, hata kwangu.

Mdogo wako, aliyevuliwa ubingwa

21 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo, marehemu bingwa? Mimi na tumbo langu hatujambo. Mama mdogo anakusalimu, mgongo unamsumbua lakini anakataa kusema.

Nesi alifunga mlango, akaniambia maswali haya anawauliza wote. Jibu nilikuwa nimelikariri njia nzima: niko salama kabisa. Nafungua kinywa tu, nikasikia sauti yako huko nje, "Shemeji anamkimbia msafisha vyoo!" Nikaangua kicheko. Nikacheka hadi machozi, halafu machozi yakakataa kukauka. Lile jibu sikulipata tena. Nikasema yote, hata ya mkono.

Hakushangaa wala hakunihukumu. Aliniuliza nataka nini. Nikasema nataka kujifungulia kwa mama mdogo. Akapiga simu, na nikatoka kwa mlango wa nyuma na afisa ustawi wa jamii, wewe bado unafungwa huko mbele. Juzi shemeji yako alifika hapa akakuta afisa na mjumbe wa mtaa wanamngoja, akageuza.

Jana niliangusha sahani ya wageni, ile yenye maua. Ikavunjika vipande. Nikasimama ukutani nimefumba macho, nangoja. Mama mdogo akachungulia na kanga yake begani, akasema, "Afadhali, ile sikuwahi kuipenda," akarudi kulala.

Dada yako