Mgongo wa Kuku Wangu wa Lundo

Jumatatu, 6 Julai 1953
Kahawa nimeanika mapema. Baridi ya Mpepai hii, vidole havikunjiki. Nimemwaga pumba, kuku wote wakaja isipokuwa wangu, yule tetea niliyepanda naye milima kutoka kwetu Lundo, ziwani, siku ya kuolewa. Mama alinipa kwa mkono wake mwenyewe. Nimemkuta amejibanza nyuma ya jiko. Mgongo hauna unyoya hata mmoja, na kuna kidonda cha upana wa kidole gumba. Utitiri huo, nadhani. Nimempaka majivu.

Jumanne, 7 Julai
Majivu hayakusaidia kitu. Nimekumbuka dawa nyekundu niliyopewa dispensari Mbinga nilipojikata na panga. Nimempaka mgongo mzima, nikamwachia kwa wenzake. Nikajiona daktari.

Jioni. Mjinga mimi! Kuku akiona jekundu hudonoa, nani asiyejua? Wamemdonoa wote, kidonda sasa ni kiganja cha mtoto. Nimelia jikoni. Mama mkwe akaniona. Nikasingizia moshi.

Jumatano, 8 Julai
Mama mkwe kasema tumchinje. Jumapili kaka yake anakuja kutoka Mbaha, na kuku akijifia mwenyewe ni hasara tupu. Anasema kweli, ndiyo maana nimechukia. Nimeitikia "Ndiyo, mama," nikaenda kuchuma kahawa na hasira zangu. Miaka miwili niko hapa. Kanga za kwetu zimechakaa. Kimebaki kitu kimoja tu cha nyumbani, huyu kuku. Hapa wote husema Kimatengo. Kinyasa changu nazungumza na yeye.

Alhamisi, 9 Julai
Nimemfunika kwa tenga, awe peke yake. Nimemwosha kidonda kwa maji vuguvugu ya chumvi. Katulia, kanitazama kwa jicho moja. Chakula hataki. Mume wangu Kanisius kanicheka, eti nimefungua hospitali. Yeye ana jogoo wake wa kizungu, mweupe, mkubwa ajabu, na huyo hachekwi na mtu.

Ijumaa, 10 Julai
Asubuhi nimefunua tenga. Kidonda cheusi tii. Nikajua kimeoza, basi tena. Nimegusa: masizi ya chungu, yamechanganywa na mafuta ya nyonyo. Hakuna jekundu la kudonoa tena. Kuna mtu kampaka.

Si Kanisius. Huyo hata kidonda chake mwenyewe hapaki.

Nimeenda kumwamkia mama mkwe. Shikamoo, marahaba. Kaficha mkono ndani ya kaniki, lakini vidole nimeviona. Vyeusi. Mchana kuku kala pumba konzi nzima.

Nilimdhania vibaya yule mama. Naona haya.

Jumamosi, 11 Julai
Nimemjua mbaya wetu! Nilikuwa kwenye majamvi ya kahawa, nikamwona jogoo wa kizungu akimpanda tetea wa mama mkwe. Mzito, na ile miiba ya miguuni inachana mgongo kama kisu. Tetea huyo naye kashaanza kunyonyoka manyoya palepale. Kumbe si utitiri wala nini. Nimemwita mama mkwe aone. Katazama, kaenda kwa mwanawe. Kanisius kapinga: ni jogoo wa mbegu, Mpepai nzima wanamwonea wivu. Mama mkwe kamwambia kesho kuna mgeni. Yakaisha.

Jumapili, 12 Julai
Baada ya misa jogoo kachinjwa. Miguu haikuenea chunguni. Mjomba kapewa firigisi, kasifu sana. Mama mkwe kasema, "Kachana migongo ya wenzake, acha naye achanwe." Nimecheka mpaka nikapaliwa. Kanisius kanuna, lakini kala mapande matatu.

Jamani, leo nimepumua.

Jumapili, 2 Agosti
Kidonda kimekauka. Vinyoya vinachipua, vigumu kama vijiti. Leo nimemtoa kwenye tenga kabisa. Nilidhani atanifuata mimi. Kaingia chumbani kwa mama mkwe, kataga chini ya kitanda. Nimekwenda kumtoa, nikakatazwa. Kashatandikiwa kipande cha kaniki.

Mama mkwe kaniuliza, kwa Kinyasa kuku huitwaje akipewa chakula. Nimemfundisha neno lenyewe. Kalisema vibaya. Kuku kaitika.